Friza la Bi Ratili Lilipopanda Mnadani

Simu ililia Bi Ratili akiwa amepiga magoti katikati ya sebule, akizifunga sahani moja moja kwa gazeti kuukuu na kuzilaza ndani ya katoni. Pazia lilikwisha shushwa, na mwanga wa alasiri uliingia bila hodi, ukaanika kila ufa wa ukuta na kila alama nyeupe palipokuwa na picha. Nyumba hiyo ya kupanga, aliyoingia akiwa bibi harusi, ilikuwa imeuzwa, na mwenye nyumba mpya alizitaka funguo Jumamosi. Bi Ratili angehamia chumba cha uani kwa binti yake, chumba ambacho kingemeza kitanda, sanduku na kiti kimoja, kisha kikashiba. Vilivyosalia vyote ilikuwa lazima viuzwe.

Aliyepiga alikuwa mdogo wake wa kike, na salamu yenyewe aliimeza nusu.

"Dada, umeniona nilivyopanda?"

"Umepanda nini?"

"Dau, dada. Malkia wa Upendo ndiye mimi. Wifi yako alidhani atanipita. Nimemwacha kwenye mataa."

Bi Ratili aliirudisha sahani sakafuni taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alimwuliza mdogo wake lile friza lililokuwa mnadani mtandaoni alilitaka la nini, naye anaishi chumba kimoja chenye umeme wa kukatikakatika. Mdogo wake akacheka mpaka akakohoa. Nani aliyesema analitaka? Mkwe wake mwenyewe Bi Ratili ndiye aliyeandika asubuhi kwenye kundi la familia, ambalo dada hakuwa amelifungua, kwamba mnada wa mama umelala, na kila ampendaye aingie akausukume juu kidogo. Basi wakaingia: yeye, wifi, na binamu yao mwenye gereji, anayejiita Simba Mla Dau. Walifanya kama wafanyavyo siku zote mwenzao anapopatwa na shida, kila mmoja akitaja kiasi chake na mwingine akikipita ili asionekane mchoyo. Tofauti ilikuwa moja tu: safari hii hakuna aliyekusudia kutoa kitu.

"Ni kukuchangia, dada. Wewe tulia. Mwenye maziwa, yule mnunuzi wako, atalipa."

Bi Ratili alimtaka alifute dau lake mara moja. Mdogo wake akamjibu, bila ubaya wowote moyoni, kwamba dau likishawekwa halifutiki. Ni kama neno lililokwisha toka mdomoni. Kisha akaaga haraka, kwa sababu wifi alikuwa amempita tena.

Jina la Ratili, kipimo kile cha kale cha uzito, hakuzaliwa nalo. Alipewa sokoni, na waliompa hawakukusudia kumsifu. Utumishi wake wote alikuwa mkaguzi wa mizani. Alitembea na kisanduku cha mawe ya mizani yaliyohakikiwa, akayaweka juu ya sahani ya muuza nyama, ya muuza sukari na ya muuza misumari, kisha akasubiri mshale utulie. Mshale ukisema uongo, mizani ilichukuliwa. Alikwisha ona mawe yaliyotobolewa ndani, sumaku iliyofichwa chini ya sahani, na ile mbinu kongwe kuliko zote, kidole gumba kinachoegemea ukingo wa sahani kana kwamba kimechoka. Wafanyabiashara walisema kwamba mumewe akimwambia anampenda, yeye huuliza kilo ngapi. Mumewe, fundi umeme mwenye kicheko chepesi, aliipenda sana dhihaka hiyo, akaieneza mwenyewe.

Friza lilikuwa la marehemu huyo. Alilinunua likiwa limetumika, akalifufua, wakauza barafu kwa majirani mpaka siku alipofariki. Tangu hapo lilikaa ukumbini kama jeneza jeupe, limejaa mablanketi, na kila mgeni aliweka mkoba wake juu yake. Bi Ratili hakulihitaji, wala chumba cha uani kisingelipokea.

Namna ya kuuza alifundishwa na mkwe wake. Kijana huyo alikuwa akinunua redio, vipaza sauti na vipuri vilivyotumika, akavisafisha, akaviuza katika mnada wa mtandaoni, na kwa kazi hiyo aliilisha nyumba yake. Alimfundisha mama mkwe kwa heshima, macho yake yakiwa kwenye simu na si usoni pake, kama ipasavyo. Picha hupigwa mchana karibu na dirisha, si kwa taa. Kitu hufutwa vumbi kwanza, hupimwa kwa utepe, na vipimo huandikwa ili mnunuzi asije na gari dogo akaanza kulaumu. Dau la kuanzia huwekwa chini, kwa kuwa watu hukimbilia palipo na watu. Mnada hufungwa jioni, watu wakiwa wametoka kazini na vidole vyao havina shughuli. Fedha hushikwa na wenye mnada mpaka mzigo umfikie aliyeununua. Na juu ya hayo yote kuna nyota, ambazo wanunuzi humpa muuzaji aliyewatendea vyema.

"Mgeni hana nyota, mama," mkwe alimweleza, "na asiye na nyota haaminiki hata akiuza dhahabu. Tuuze kwa jina langu."

Hivyo vyombo vya Bi Ratili viliingia mnadani chini ya akaunti ya mkwe, yenye nyota zilizojaa kama anga la kiangazi. Mama mkwe alifunguliwa akaunti hiyo katika simu yake kwa kazi moja, kujibu maswali ya wanunuzi, ambayo huonekana na kila mtu chini ya picha. Kazi hiyo aliifanya kama alivyofanya kila kazi. Saa ya ukutani iliondoka, kioo kikaondoka, viti vikaondoka na maelezo marefu kuliko viti vyenyewe: *Kiti cha tatu kimeungwa mguu kwa gundi, mtu mzito asiegemee nyuma akicheka.* Mkwe alisoma akashika kichwa, lakini viti vilinunuliwa, na aliyevinunua akaongeza nyota.

Kwenye friza ndipo walipoanza kupishana. Kifuniko chake hakikubali kufunga sawasawa mpaka kiwekewe tofali juu, na Bi Ratili alilipiga picha pamoja na tofali lake. Mkwe aliikata picha, tofali likatoweka. Bi Ratili akaliandika kwenye maelezo. Hawakugombana, mkwe na mama mkwe hawagombani. Kila mmoja alitenda lake kimya, na kimya hicho kilikuwa na ncha.

Aliyejitokeza kwanza alikuwa mwanamke aliyejiandikisha kwa jina la Maziwa ya Kona. Aliuliza kama friza linagandisha maji kwa usiku mmoja. Aliuliza tofali ni la nini, na kama kelele zake zingemwamsha mgonjwa. Bi Ratili alijibu yote, na tofali akalieleza kwa aya nzima. Kisha Maziwa ya Kona akaweka dau, dau la mtu aliyekaa akafikiri, lisilo la dharau wala la majivuno. Bi Ratili alilitazama akaridhika moyoni. Lilikuwa la haki.

Sasa, magoti yangali sakafuni, alifungua ukurasa ule na kuona kilichotokea tangu asubuhi. Malkia wa Upendo alikuwa amepanda, Bahari ya Huruma akampita, Simba Mla Dau akawaruka wote wawili, na katikati yao Maziwa ya Kona alikuwa akipanda tena na tena, kama mtu anayekimbilia gari ambalo dereva wake anamwona kwenye kioo na kuongeza mwendo. Chini ya picha palikuwa na maneno mapya. *Nimemwomba kaka yangu aniongezee. Ndugu zangu mnaopandisha, tafadhali mniachie. Maziwa yangu yanaharibika kila siku.*

Mnada ulikuwa ufungwe saa moja jioni.

Mkwe alifika muda si mrefu, amebeba katoni tupu alizoahidi. Alisalimu, shikamoo yake kamili, akazipanga ukutani. Hakuketi, kwa kuwa Bi Ratili alikuwa amesimama.

"Baba," alisema Bi Ratili, maana hivyo ndivyo alivyomwita tangu siku ya posa, "hawa watatu wanaopandisha ni nani?"

Kijana hakujifanya hajui. "Ni sisi, mama."

Akaeleza, macho yakiwa kwenye katoni. Mnada usiochochewa hufa, na kila muuzaji anayejua kazi ana ndugu wawili watatu wa kuuchochea. Hakuna aliyemlazimisha mwenye maziwa. Kidole ni chake na fedha ni zake. Watu wake angewaambia wasimame kabla ya kufunga, ili mzigo usije ukawaangukia wao. Mama angepata cha kuanzia maisha mapya, na mwenye maziwa angepata friza. Nani angelia?

"Huyo ameshanasa, mama. Usimwonee huruma."

"Anayenasa ni panya, baba. Huyu ni mnunuzi."

Alimwomba ausimamishe mnada. Ni yeye pekee aliyeweza, kwa kuwa kila amri kubwa ya akaunti ilithibitishwa kwa namba iliyotumwa kwenye simu yake. Mkwe akatikisa kichwa. Mnada wenye madau ukivunjwa, muuzaji hupigwa alama nyekundu. Na ikijulikana kwamba waliopandisha ni ndugu, nyota zote hufutwa. Alikuwa na redio njiani kwenda kwa watu, na vipuri alivyokwisha lipia.

"Nitakuwa mgeni, mama. Kama wewe."

"Kwa hiyo kidole kibaki juu ya sahani?"

Ndipo mkwe alipomtazama usoni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mama, ulichukua mizani za watu ukaondoka nazo. Hukukaa kuona kesho yake walikula nini."

Maneno hayo yaliingia. Bi Ratili alimkumbuka muuza mchele mmoja, kijana wa umri kama wa huyu, aliyeifuata mizani yake mpaka langoni mwa soko, akitembea tu nyuma ya mkokoteni. Hakuwahi kujua aliishia wapi.

"Sikukaa," alisema. "Lakini aliyepunjwa naye alikuwa na kesho yake."

Mkwe aliokota funguo za gari. Mlangoni aligeuka, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayejizuia. Alisema mama simu anayo na sehemu ya majibu iko wazi. Yeye hawezi kumshika mkono mama wa mkewe. Ila ajue kwamba kile chumba cha uani kinalipiwa kwa nyota hizo hizo. Akaenda kupeleka mzigo wa mtu, na gari lake dogo la mizigo likasikika likikohoa mpaka mwisho wa mtaa.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi, kwa sababu limezoeleka mpaka halionekani tena. Sokoni, mnunuzi ana mikono ya kubinya nyanya, ana macho ya kutazama mshale, na ana ulimi wa kumgombeza muuzaji. Katika mnada wa mtandaoni hana kitu. Ana picha ambayo mwingine ameikata, na ana wanunuzi wenzake, ambao kupanda kwao humwambia kwamba kitu kina thamani. Ukimpa wenzake wa bandia, umemnyang'anya jicho la mwisho alilobaki nalo. Kisha tunamwambia kidole ni chake. Tunauita wizi huo uchangamfu, na anayeukataa tunamwita mshamba. Na mbaya zaidi, tumeupamba kwa upendo wa ndugu, tukauita mchango, kana kwamba fadhili ni fadhili hata inapotolewa mfukoni mwa mtu asiyealikwa.

Bi Ratili hakuwaza kwa maneno hayo. Yeye aliwaza juu ya kitanda chake, ambacho hakikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Binti yake alipiga simu jua likiwa limeanza kuteleza kutoka sakafuni kupanda ukutani. Mumewe alikuwa amemweleza. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Mama, wewe na yeye mkipigana, nyasi ni mimi."

"Najua, mwanangu."

Binti alikuja na ushauri, na haukuwa wa kijinga. Mwache Malkia wa Upendo ashinde. Atashindwa kulipa, mnada utahesabiwa umeharibika, friza litarudi mnadani upya, na hakuna atakayeaibika. Bi Ratili aliupima ushauri huo kwa uaminifu, kwa sababu aliutamani. Lakini Malkia angeshinda vipi, na mwenye maziwa amekwisha kwenda kwa kaka yake? Mtu aliyeanza kukopa kwa ndugu hasimami pale sisi tunapotaka asimame. Na hata akisimama, atarudi kwenye maziwa yake yaliyochacha, akijilaumu kwa umaskini wake, kumbe alishindwa na watu wasiokuwepo.

"Basi fikiria mimi nitalala wapi leo," binti alisema, "ukishamaliza kuandika. Nitalala na mume asiye na kazi. Sikukatazi, mama. Sijui kama naweza kukukataza. Nakwambia tu."

Bi Ratili aliketi juu ya friza lenyewe, maana viti vilikwisha kwenda kwa mwenyewe, na kile kimoja kilichobaki kilikuwa kimebeba katoni. Alikuwa amelichomeka tangu juzi ili alijaribu, nalo lilinguruma chini yake kama paka mzee. Ukurasa ulizidi kuchemka. Simba alipanda. Malkia, ambaye hangekubali kushindwa na binamu mbele ya ukoo mzima, akapanda. Maziwa ya Kona alichelewa kidogo, kama mtu aliyekwenda chumba cha pili kuzungumza na mwenzake, kisha akarudi akapanda kuliko wote.

Akaanza kuandika. Kwanza aliandika kwamba *baadhi ya madau huenda yana walakini.* Aliyasoma tena maneno hayo akayafuta. Mnunuzi asingeambulia kitu humo, na kidole gumba kilikuwa ndani yake. Kisha hasira ikampanda, akaandika jina la kazi la mkwe wake na kile alichokiandika kwenye kundi la familia, neno kwa neno, pamoja na hilo la kunasa. Yalikuwa kweli tupu. Aliyatazama kwa muda mrefu. Mizani alizozichukua zilikuwa na uongo ndani yake, lakini hakuwahi kumvua mtu nguo kutafuta uongo mwingine. Akayafuta pia.

Mwanga ulikuwa umebaki ukanda mwembamba juu ya mlango. Fundi viatu wa mkabala alikuwa akiingiza benchi lake ndani, na miguu ya benchi ilikwaruza lami. Muda wa mnada ulikuwa umegeuka rangi nyekundu kwenye kioo cha simu.

Aliandika mara ya tatu.

*Mimi ndiye mwenye friza hili. Malkia wa Upendo, Bahari ya Huruma na Simba Mla Dau ni ndugu zangu, na hawanunui. Walipandisha kwa ajili yangu. Dau la haki ni lile la kwanza la Maziwa ya Kona, kabla yao. Kwa bei hiyo ni lake, akilitaka. Asilipe kabla ya kuliona. Nyumba ni ya kona, mkabala na fundi viatu.*

Kidole chake kilining'inia juu ya kioo. Hakuwahi kusita hivyo mbele ya wauza nyama wenye visu. Chumba cha uani alikuwa amekipima kwa utepe, akajua kitanda kikae ukuta upi ili asikie wajukuu wakiamka. Aliyafumba macho, na aliona haya kuyafumba, akayafumbua. Akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Ndivyo ilivyokuwa hata sokoni. Ukishaweka jiwe, mshale hucheza kwanza. Kisha simu ikaanza kutetemeka juu ya kifuniko cha friza na kutembea yenyewe kama kaa. Kundi la familia lilikuwa linaungua. Wifi aliandika kwamba wamempenda, naye amewaanika. Binamu wa gereji aliandika kwamba tangu leo haonekani kwenye shida ya mtu. Mdogo wake hakuandika kitu, na hilo ndilo lililomuuma. Kabla ya saa kufika, ukurasa wa friza uligeuka kijivu. Wenye mnada walikuwa wameufunga, na pale juu, palipokuwa na nyota za mkwe, paliandikwa kwamba akaunti imesimamishwa.

Mkwe hakupiga simu. Binti hakupiga. Bi Ratili alimalizia kufunga sahani, kwa kuwa mikono ilitaka kazi.

Mwenye maziwa alifika asubuhi iliyofuata, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya mpira, amebeba chupa ya maji mkononi. Bi Ratili alikuwa amejiandaa kwa shukrani, na alikuwa amejizuia asiitarajie mno. Ilikuwa kazi bure kujizuia, kwa sababu shukrani haikuwapo.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiye mimi."

"Mwongo akikiri uongo mmoja, mara nyingi anauficha wa pili." Alilizunguka friza, akabisha ubavu wake kwa vifundo vya vidole. "Nitajuaje kama na hiyo kweli yako si njia ya kuniuzia kopo bovu?"

"Hutajua," Bi Ratili alimjibu. "Kaa nalo mpaka ujue."

Mwanamke huyo aliiweka chupa yake ya maji ndani, akafunga kifuniko, akaweka tofali. Kisha akatoa mfukoni uzi mwekundu, akalizungushia friza zima pamoja na tofali lake, akafunga fundo ambalo Bi Ratili hakuwahi kuona mfano wake, na juu ya fundo akafunga fundo. Alisema atarudi kesho, na akikuta uzi umeguswa asijisumbue kumweleza kitu. Bi Ratili alimsindikiza mpaka nje. Alikuwa ametukanwa nyumbani kwake, na hata hivyo alihisi kitu kinachofanana na furaha. Tangu astaafu hakuwa amekutana na mtu anayenunua sawasawa.

Kesho yake uzi ulikuwa salama, na maji yalikuwa jiwe. Mwenye maziwa aliigonga chupa ukutani mara kadhaa, akaisikiliza. Alilipa dau lile la kwanza, bila kuongeza wala kupunguza, na kaka yake akaja na mkokoteni wa kukodi. Walipokwisha kulipakia, alirudi mlangoni.

"Na tofali?"

"Ni lako. Limo kwenye maelezo."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo tu, akalikumbatia tofali kifuani akaondoka nalo.

Jumamosi ilifika. Bi Ratili alifagia kila chumba, akakabidhi funguo, na mwenye nyumba mpya akafunga mlango nyuma yake kwa adabu. Basi akawa ameketi ukingoni mwa barabara juu ya kiti chake kimoja, sanduku miguuni, kitanda na godoro vimesimamishwa ubavu kando yake. Kabla ya mambo haya mkwe alikuwa ameahidi kuja na gari asubuhi. Asubuhi ilipita. Fundi viatu alimletea maji ya kunywa bila kuulizwa, akamwuliza kama anasubiri mtu. Alijibu kwamba ndiyo, na alipolisema hilo alitambua kwamba hakujua kama ni kweli. Na kusema asichokijua hakukuwa desturi yake. Mdogo wake alikuwa bado kimya. Mawingu yalianza kukusanyika juu ya mabati, na godoro halikuwa na turubai.

Gari lilikuja matone ya kwanza yalipoanguka. Lilikohoa, likasimama. Mkwe alishuka, akasimama mbele yake, akamtazama usoni. Kisha akainamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Alipakia kitanda peke yake, akakataa msaada wa fundi viatu. Aliliingiza godoro mbele, kati yao, ili lisilowe, likamsonga kila mmoja kwenye mlango wake. Kwenye taa za njia panda mkwe alizungumza, akitazama kioo kilichokuwa kikilia kwa maji.

"Sijasema nimefurahi, mama."

"Sijakuuliza."

"Wamenirudishia akaunti tupu. Hakuna nyota hata moja. Leo nimeshindwa kuuza waya." Aliiingiza gia, na gari likajikwaa mbele. "Kuna redio chini ya miguu yako."

Bi Ratili aliipapasa, akaipandisha mapajani. Ilikuwa kubwa, ya mbao, nzuri, na kitufe kimoja kilikuwa si chake.

"Haishiki stesheni usiku," mkwe alisema. "Na ukiisogeza inanyamaza. Mgeni hana budi kuaminiwa kwa maneno, hana kingine. Andika wewe."

Alimpa simu juu ya godoro, bado hamtazami.

"Ila andika kwa ufupi, mama. Wewe ukianza kasoro huna breki."

Bi Ratili alivaa miwani yake, akaigeuza redio juu chini, akaanza kuipima kwa shubiri, kwa kuwa utepe ulikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa nyuma, kwenye mvua.